Jengo Refu Linapokuja Mtaani: Jinsi ya Kutoa Maoni Ambayo Ofisi Haitayaruka

Wiki hizi nimeletewa barua tatu nizitazame, zote za wakazi wa kisiwani Mombasa, kila moja ikipinga jengo la fleti linalokusudiwa mtaani mwao. Zote zimekosea palepale. Moja ilikuwa na saini 214 chini ya sentensi hii: "Sisi wakazi tunapinga vikali ujenzi huu kwa kuwa utauharibu mtaa wetu." Basi.

Hebu kaa kwenye kiti cha ofisa. Sentensi hiyo utaifanyia nini? Haitaji ukurasa wa ripoti ya mradi, haina kipimo, haiombi kitu. Ataandika kwenye faili "wakazi wamepinga" na ataendelea na kazi yake. Baadaye kreni ikisimikwa, watu husema ofisa kala. Pengine kala. Lakini mara nyingi hakupewa cha kumzuia.

Jambo la kushika tangu sasa: maoni si kura. Saini 214 chini ya hoja moja ni hoja moja. Mama mmoja aliyepima kichochoro kwa utepe akapata mita 4.2, wakati ripoti inasema mita 6, ana uzito kuliko wote hao.

Mwongozo huu unafuata sheria za Kenya. Nitatumia mfano wa jengo la kubuni la ghorofa 18, fleti 4 kila ghorofa, katikati ya kisiwa. Aliye Nairobi au Kisumu atapita njia ileile. Na si wa wapinzani peke yao: anayelitaka jengo, ila analitaka kwa masharti, atafanya kazi hiihii.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Picha ya tangazo au kibao, inayosomeka hadi herufi ndogo, na tarehe uliyoipiga.
- Kalenda ya ukutani. Ya simu haitoshi, maana kila mtu kwenye kamati aione.
- Utepe wa kupimia wa mita 30. Fundi yeyote wa mtaani anao.
- Daftari moja la vipimo. Moja tu, lisigawanywe.
- Rula ya shilingi chache, ya kuweka kando ya nyufa unapozipiga picha.
- Bili za maji za miezi sita kutoka nyumba kama tano.
- Pesa za fotokopi. Ripoti hizi huwa nene.
- Watu watano wenye subira. Mmoja awe mpangaji, mmoja awe mwenye duka.

Hatua ya 1: Jueni mnabisha milango mingapi

Hapa ndipo wengi hupotelea. Jengo la namna hii hupita milango miwili, na kila mmoja una saa yake.

Mlango wa kwanza ni serikali ya kaunti, idara ya mipango na ardhi. Hiyo ndiyo hutoa kibali cha ujenzi chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Sheria hiyo inamtaka mwombaji autangazie umma, na tangazo liwaite watu walete pingamizi zao kwa waziri wa kaunti anayehusika.

Mlango wa pili ni NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira. Hiyo hutazama ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira na kutoa leseni yake.

Barua iliyopelekwa NEMA haifiki kaunti yenyewe. Nimeona wakazi walioandika barua nzuri mno, wakaipeleka mlango mmoja, na mlango wa pili ukafungwa bila hata neno lao moja ndani.

Ploti ikiwa jirani na Mji wa Kale, pelekeni nakala kwa Makavazi ya Kitaifa (National Museums of Kenya) pia. Fort Jesus imo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2011, na kimo cha majengo yanayoizunguka si jambo dogo.

Mmefaulu hatua hii mkiwa na karatasi moja yenye majina ya ofisi mbili, anwani zake, na nambari ya ploti kama ilivyoandikwa kwenye tangazo. Nambari ikikosewa tarakimu moja, barua yenu huingia faili la mtu mwingine.

Hatua ya 2: Hesabuni siku leo, si kesho

Tangazo la NEMA kwa kawaida hutoa siku 30 tangu lilipochapishwa. Likichapishwa tarehe 3 Machi, siku ya thelathini ni tarehe 2 Aprili. Zungushieni duara jekundu. Kisha rudini nyuma siku tano, zungushieni duara la pili: hiyo ndiyo tarehe yenu ya kweli ya kupeleka barua.

Kwa kaunti, fuateni siku zilizoandikwa kwenye kibao au gazetini, na msisubiri NEMA.

Onyo moja ambalo wengi hawalijui: sheria ya 2019 inasema mwombaji asipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, kibali huhesabiwa kimetolewa. Kimya cha kaunti kinaweza kuwa ndiyo. Kwa hiyo "tulidhani bado wanafikiria" si utetezi.

Hatua ya 3: Ipateni ripoti, na muisome kutoka nyuma

Tangazo la NEMA hutaja ofisi ambako ripoti kamili inaweza kukaguliwa saa za kazi. Nendeni wawili. Ombeni nakala laini, ile ya kompyuta. Mkinyimwa, pigeni picha kurasa mnazozihitaji.

Mkizungushwa, andikeni ombi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili, sheria yenyewe inasema hivyo, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Lakini tazama: siku 21 ndani ya 30 ni nyingi. Pelekeni ombi hilo wiki ya kwanza, hata kama mna matumaini ya kupata ripoti kwa njia ya kawaida.

Kwa nini msome kutoka nyuma? Kurasa za mbele zina picha za jengo lenye minazi na watoto wanaocheka. Viambatisho ndivyo vyenye nyama: hojaji walizojaza majirani, orodha za mahudhurio, barua za kampuni ya maji, michoro.

Anzeni na hojaji. Hapa nina langu la kusema. Kijana mmoja mwenye beji shingoni aliwahi kunikuta mlangoni, saa ya magharibi, mkono wangu mmoja una unga. Alisema ni "utafiti mdogo tu kuhusu mtaa." Nikatia saini nirudi jikoni. Miezi baadaye nikaiona saini yangu kwenye kiambatisho, chini ya kichwa kinachosema majirani walioshauriwa na kuukubali mradi. Unga hata alama yake ilikuwa bado ipo kwenye karatasi.

Basi fanyeni hivi. Orodhesheni majina yote yaliyo kwenye hojaji, mwendeeni kila mmoja, mmuulize: ulitia saini? Uliambiwa nini? Ulionyeshwa ghorofa ngapi? Aliyedanganywa aandike nusu ukurasa wake mwenyewe, kwa mwandiko wake. Nusu kurasa nne za namna hiyo huitikisa sehemu nzima ya ripoti.

Hili lina mfano mkubwa hapahapa Pwani. Tarehe 26 Juni 2019, jopo la kitaifa la rufaa za mazingira lilifuta leseni ya NEMA ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kule Lamu. Moja ya sababu kuu ilikuwa kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo: mikutano iliyotajwa ilifanyika kabla utafiti wenyewe haujakamilika, kwa hiyo watu hawakupata kusema lolote juu ya matokeo yake. Angalieni basi tarehe za mikutano kwenye ripoti yenu, mzilinganishe na tarehe ya ripoti.

Kwenye kurasa za ndani, wekeni alama mahali panapotaja: maji yatatoka wapi, maji taka yatakwenda wapi, upana wa barabara, nafasi za kuegesha magari, kimo cha jengo kwa mita, na umbali kati ya jengo na ukuta wa jirani. Mengine mtayasoma mkipata nafasi.

Hatua ya 4: Pimeni wenyewe

Hii ndiyo kazi hasa. Chukueni wikendi mbili.

*Maji.* Fleti 72, watu wanne kila moja, ni watu 288. Kila mtu akitumia lita 100 kwa siku, ni lita 28,800: karibu maboza matatu ya lita 10,000, kila siku ya Mungu. Sasa wekeni kando yake rekodi yenu: mfereji ulitoka siku zipi wiki nne zilizopita, saa ngapi hadi saa ngapi. Bili ziambatishwe. Kisha ulizeni swali moja tu: maji hayo yatatoka wapi? Ripoti ikijibu "kisima," ulizeni kina chake, na chumvi yake. Nyumba jirani zenye visima ziandike maji yao yana ladha gani leo, kabla mtu hajachimba.

*Maji taka.* Wahandisi huhesabu kwamba sehemu kubwa ya maji yanayoingia nyumbani hutoka tena kama maji taka. Asilimia 80 ndicho kipimo chao cha kawaida. Hapo ni kama lita 23,000 kwa siku. Si kila mtaa wa kisiwa una mabomba ya maji taka, na palipo na mabomba si kila siku yanapitisha. Andikeni tarehe zote mlizoona maji taka yakifurika barabarani mwaka huu, na picha. Msijaribu kufungua vifuniko vya mashimo hayo mwone kilichomo. Gesi ya humo imeua mafundi wazima.

*Barabara.* Pimeni upana mahali pane, ukuta hadi ukuta, kisha pimeni tena magari yakiwa yameegeshwa. Hesabuni magari, tuktuk, bodaboda na mikokoteni kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili asubuhi, siku mbili za shule. Ongezeni Ijumaa kuanzia saa sita hadi saa nane mchana. Ripoti nilizowahi kuzisoma hupenda kuhesabu Jumanne mchana, mtaa ukiwa umelala. Ijumaa mtaa wenye msikiti hauna hata pa kutia mguu.

*Kivuli.* Hapa wengi huandika upuuzi, kwamba "jua litazimwa." Hapa kwetu jua la adhuhuri hupita karibu na utosi. Jengo la mita 60 litatupa kivuli cha kama mita 31 upande wa kusini adhuhuri ya Juni, na kama mita 21 upande wa kaskazini adhuhuri ya Desemba. Si kitu cha kulilia. Asubuhi ndiyo habari: yapata saa mbili unusu, jua likiwa nyuzi 30 hivi, kivuli hichohicho hufika mita 100 na ushei upande wa magharibi. Kama upande huo pana shule au nyumba zinazoanika nguo na samaki asubuhi, hilo liandikwe, na nyumba zitajwe.

*Upepo.* Haupimiki kwa utepe, lakini kila mzee wa Mombasa anajua dirisha gani hupokea kusi na lipi hupokea kaskazi. Chora ramani ya mkono, tia mshale, onyesha nyumba zitakazobaki nyuma ya ukuta wa ghorofa 18. Mwekezaji ndiye mwenye wataalamu. Mwambieni ofisa amtake athibitishe kwamba hazitakosa hewa.

*Uani.* Msione haya kuliandika hili. Nyumba nyingi za hapa zina ua wa ndani, na mwanamke akiwa uani yuko kwake. Ghorofa ya kumi yenye roshani inayotazama chini humtoa uani. Ofisa hawezi kufanya lolote na sentensi "heshima yetu itavunjwa," ila anaweza kuagiza roshani za upande huo zigeuzwe au zitiwe vizuizi kama mtamtajia upande na nyumba. Hoja ileile, mkono mwingine.

*Nyufa.* Pigeni picha kila ufa uliopo sasa kwenye nyumba zinazopakana na ploti, rula ikiwa kando yake, tarehe ikiandikwa kwenye kipande cha karatasi ndani ya picha. Nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa hazipendi mtetemo wa kuchimba misingi mirefu. Bila picha za kabla, mtaambiwa nyufa zilikuwapo tangu zamani.

Mmefaulu hatua hii mkiwa na ukurasa mmoja wenye safu mbili: ripoti inasema nini, sisi tumepima nini. Safu zikilingana mahali fulani, acheni hoja hiyo. Nasema tena, iacheni. Hoja tano za kweli zikichanganywa na mbili za uongo, mwekezaji atajibu zile mbili tu.

Hatua ya 5: Kikao cha mtaa, na namna ya kupanga ghadhabu

Msiite kikao kabla ya kupima. Kikao bila vipimo huwa ni cha kupiga kelele, na kelele zikiisha watu hudhani kazi imekwisha.

Mtasikia kila aina ya sauti. Mwenye nyumba wa karibu anaogopa kodi zake zitashuka. Mwenye duka anafurahia wateja 288. Vijana wa maskani wanauliza kama kutakuwa na vibarua. Mpangaji anaogopa mwenye nyumba wake naye atapata tamaa, auze, afukuzwe. Mzee anakumbuka kiwanja kilipokuwa uwanja wa mpira. Mjane mmoja anasema wazi anataka fleti, kachoka na paa linalovuja. Hawa wote wana haki ya kusema, na hakuna aliye msaliti.

Na wapangaji nao wamo. Katiba ya 2010, kifungu cha 70, haimtaki mtu anayekwenda mahakamani kutetea mazingira aonyeshe kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Huhitaji hati ya shamba ili kuzungumzia maji unayokunywa.

Chukueni kila lililosemwa mliweke kwenye fungu lake.

Fungu la kwanza, ofisa anaweza kulitenda: maji, maji taka, njia ya zimamoto, kimo, maegesho, madirisha, kelele, saa za kazi, nyufa, miti.

Fungu la pili ni la kumwuliza mwekezaji uso kwa uso: vibarua kwa vijana wa mtaa, bei ya fleti, nani atasafisha barabara.

Fungu la tatu libaki kikaoni: bei ya nyumba yangu, jina la mwekezaji, kabila lake, dini yake, na wale "watakaokuja." Nimeiona barua iliyokuwa na vipimo safi kurasa tatu, halafu ukurasa wa nne mtu akaongeza mstari juu ya "watu wa bara kutujazia mtaa." Huo mstari mmoja ndio uliojibiwa. Kamati ilitumia mkutano mzima kujitetea kwamba si wakabila, na habari ya zimamoto haikuguswa.

Wekeni kikao saa ambayo akina mama wanaweza kuja. Baada ya alasiri, si saa ya magharibi.

Hatua ya 6: Andikeni barua kwa mtindo wa ngazi nne

Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya kwa Katiba, kwa hiyo andikeni kwa Kiswahili bila kuomba radhi. Juu ya barua: jina la mradi kama lilivyo kwenye tangazo, nambari ya ploti, tarehe ya tangazo, na neno moja la msimamo: tunapinga, au tunakubali kwa masharti.

Kisha kila hoja ipande ngazi nne: ukurasa, kipimo, athari, ombi. Tazameni:

"Ukurasa wa 47 wa ripoti unasema barabara ya kuingilia ina upana wa mita 6. Tarehe 12 Machi tuliipima mahali pane tukapata mita 4.2, 4.6, 4.1 na 5.0 (Kiambatisho B, picha 1 hadi 4). Gari likiegeshwa hapo, lori la zimamoto halipiti. Tunaomba kibali kisitolewe kabla idara ya zimamoto ya kaunti haijaikagua njia hiyo na kuandika maoni yake. Kibali kikitolewa, kiwe na sharti kwamba malori ya ujenzi yasipite hapo kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili asubuhi."

Soma tena mwisho wake. Maombi ni mawili: la kwanza linazuia, la pili linapunguza madhara iwapo la kwanza limeshindwa. Wakazi wengi huona haya kuandika la pili, wanadhani ni kukubali kushindwa. Mimi naona ndilo lenye faida kubwa. Jengo likijengwa na sharti lenu limo ndani ya kibali, mna kitu cha kushika kwa miaka miwili ya ujenzi. Bila sharti, mna kumbukumbu ya barua.

Hoja sita hadi nane zinatosha. Ile yenye nguvu iwe ya kwanza.

Msichapishe barua moja mkaisaini watu mia mbili. Afadhali barua nane tofauti: ya mwalimu mkuu juu ya watoto na malori, ya imamu au mchungaji juu ya magari siku ya ibada, ya mwenye kisima juu ya chumvi, ya mwenye nyumba ya matumbawe juu ya nyufa. Saini za wengine ziwe kiambatisho.

Neno "mwizi" lisiwemo. Wala "tumesikia kwamba." Mlilolisikia kalitafuteni, au liacheni.

Anayeunga mkono aandike vivyo hivyo: "Naunga mkono kwa sababu mtaa unahitaji nyumba, kwa sharti kwamba…" Barua ya namna hiyo hupendwa na ofisa, maana inampa njia ya kutoka.

Hatua ya 7: Muhuri

Pelekeni kwa mkono na kwa barua pepe, vyote viwili, siku ileile. Nakala mbili: moja ya ofisi, moja igongwe muhuri wenye tarehe irudi na nyinyi.

Karani akisema "acha tu hapo mezani," ngoja muhuri. Akikataa kabisa, andika saa na tarehe, nenda Posta, itume kwa rejista, hifadhi risiti. Mambo mengi hufia mezani pa karani, si kwa waziri.

Mmefaulu mkiwa na nakala zenye mihuri kutoka milango yote miwili, zimepigwa picha na kuwekwa kwenye simu zisizopungua tatu.

Hatua ya 8: Mkiitwa kwenye baraza

Pengine patakuwa na mkutano wa umma, chini ya hema, chifu na mwakilishi wadi mbele, soda na keki nyuma. Kuleni keki, hakuna ubaya. Ila kabla ya kutia saini orodha ya mahudhurio, someni kichwa chake. Kikiwa kinasema "waliohudhuria," sawa. Kikiwa kinasema "waliokubali," au hakina kichwa, andika kando ya jina lako: *nimehudhuria tu, maoni yangu ni ya tarehe fulani.* Piga picha ukurasa huo.

Chagueni wasemaji watatu, kila mmoja hoja moja, dakika mbili. Kila mmoja amalizie kwa kusema, "Naomba liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano." Mtu wenu mmoja aandike kumbukumbu zenu pia, kwa saa.

Wenzenu wanaolitaka jengo msiwazomee. Zikitokea ghasia, mkutano huvunjika, na ripoti itasema mkutano ulifanyika.

Hatua ya 9: Uamuzi ukitoka

Ulizieni kila wiki, msingoje kuambiwa. Saa za milango yote miwili zinaanza kulia hapa.

Uamuzi wa kaunti: siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti ya uhusiano wa mipango na matumizi ya ardhi. Si mwombaji pekee mwenye haki hiyo. Mwenye maslahi aliyeumizwa na uamuzi anayo pia. Kamati nayo ina siku 14 za kusikiza na kuamua. Baada yake ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Leseni ya NEMA: siku 60 za kwenda kwa jopo la kitaifa la rufaa za mazingira.

Siku 14 si kitu. Ikiwa mtamtafuta wakili baada ya uamuzi, mmechelewa; mwonyesheni faili mapema, hata kwa mazungumzo ya nusu saa. Na msidhani kukata rufaa peke yake kunasimamisha mashine. Ombeni waziwazi amri ya kusimamisha kazi hadi rufaa isikizwe, la sivyo mtashinda kesi jengo likiwa ghorofa ya tisa.

Kama kibali kimetoka na hamkati rufaa, itisheni nakala yake pamoja na masharti yote, na nakala ya leseni. Yabandikeni pale dukani penye watu, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa. Angalieni kibao cha ujenzi kina nambari ya usajili ya mamlaka ya kitaifa ya ujenzi, NCA, na majina ya mkandarasi na mhandisi. Kila sharti likivunjwa, barua fupi: sharti namba fulani, tarehe, saa, picha. Ngazi zilezile nne.

Na siku tingatinga la kwanza litakapoingia kwenye ploti, rudieni picha za nyufa, ufa kwa ufa, kwa rula ileile.